Barua ya wazi kwa Baraza Kuu: sitisheni kuchoma na kuuza kumbukumbu za udugu wetu

Kwa Ndugu Mkuu, Katibu Mkuu, Mweka Hazina Mkuu na Wajumbe wote wa Baraza Kuu.

YAH: KUTEKETEZWA NA KUUZWA KWA NYARAKA NA VITU VYA KALE VYA MATAWI YALIYOFUNGWA

Waheshimiwa ndugu zangu,

Nawasalimu kwa heshima ya vyeo vyenu na kwa kiapo tulichokula sote. Ninyi ndio mliokabidhiwa funguo za chama hiki, na kwa miaka yote ya uanachama wangu sijawahi kulisema Baraza mbele ya watu wa nje. Leo nalisema. Barua nilizowaandikia kupitia kwa katibu wa kanda zilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba suala "limepokelewa". Nilipoomba liingizwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu, liliondolewa kabla wajumbe hawajaliona. Huku tukingoja, matawi yanazidi kufungwa na madaftari yake yanazidi kupotea, na karatasi iliyokwisha kuwa majivu haina rufaa. Ndiyo sababu nimekuja hadharani.

Kwa msomaji asiye mwanachama nieleze kwa ufupi. Vyama vya udugu, kama Wafrimasoni, Odd Fellows, Foresters na vingine vingi, vilijengwa juu ya ahadi. Mwanachama alitoa mchango wake kila wiki au kila mwezi. Akiugua, chama kilimlisha. Akifa, chama kilimzika, na mjane na yatima hawakuachwa barabarani. Kabla serikali hazijawa na bima wala pensheni, mamilioni ya wafanyakazi hawakuwa na kinga nyingine. Mishipi ya begani, aproni, nishani na maneno ya siri yalikuwa vazi la ahadi hiyo. Leo idadi yetu imeshuka. Wafrimasoni wa Marekani peke yao walikuwa zaidi ya milioni 4 mwaka 1959, na sasa hawafiki milioni 1. Vyama vingine vina hadithi ileile. Kwa hiyo matawi yanaunganishwa, kumbi zinauzwa, na siku ya kukabidhi funguo kwa mnunuzi panabaki kasiki, makabati na masanduku ambayo hakuna aliyeyafungua kwa muda mrefu.

Waraka wenu kuhusu ufungaji wa matawi unasema mambo matatu. Fedha na hati ya jengo ziletwe makao makuu. "Mapambo na samani" viuzwe kulipia madeni. "Karatasi zisizo na matumizi" ziteketezwe mbele ya mashahidi wawili. Haukusema nani ataamua karatasi ipi haina matumizi. Kwa vitendo, anayeamua ni yule aliyebaki na funguo, mara nyingi mzee mmoja aliyechoka, na mnunuzi wa jengo anasubiri nje.

Haya ndiyo ninayoyalalamikia.

1. Leja za misaada zinachomwa.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo mniwie radhi nikilirefusha.

Tulipokuwa tunahamisha kabati la tawi letu, nilishika leja moja ya misaada ya wagonjwa, yenye jalada la ngozi lililoanza kumeguka na kuacha vumbi jekundu mkononi. Kila ukurasa ulikuwa na safu: jina, kazi, ugonjwa, wiki, kiasi, sahihi. Nilisimama kwenye ukurasa wa fundi mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Wiki za kwanza alisaini mwenyewe, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kushika mwiko kuliko kalamu. Kisha sahihi ikaanza kuyumba. Kisha ikaja wino mwingine, mkono wa katibu, neno moja: amefariki. Mstari uliofuata ni gharama ya jeneza. Baada ya hapo malipo yanakwenda kwa mkewe, na mahali pa sahihi pana alama ya msalaba iliyoshuhudiwa na ndugu wawili. Kila robo mwaka msalaba uleule. Mwishoni kabisa, pembeni mwa ukurasa, katibu ameandika kwamba kijana mkubwa amepata kazi, na mama anaomba msaada wake apewe mwenye shida zaidi.

Niliporudi na kalamu na karatasi ili niiorodheshe, niliambiwa leja zote zimekwenda na taka.

Waheshimiwa, mwanamke yule pengine hana maandishi mengine duniani. Hakuacha wosia, hakuacha barua. Alama ile ya msalaba ndiyo iliyokuwa ushahidi wake, na ndiyo iliyokuwa ushahidi wetu pia, kwamba tulipoahidi tulitimiza. Tunapenda kusema kwenye hotuba kwamba chama hiki kilihudumia wajane. Tukiulizwa ushahidi, tutaonyesha nini?

Tena leja hizi zina thamani kubwa nje ya chama. Henry Ratcliffe, katibu katika Manchester Unity ya Odd Fellows nchini Uingereza, alitumia rekodi za wagonjwa na vifo vya wanachama kutengeneza majedwali aliyoyachapisha mwaka 1850, ili matawi yajue mchango upi unatosha kulipa misaada bila chama kufilisika. Alfred Watson naye akachambua rekodi za Manchester Unity za miaka ya 1893 hadi 1897, na kazi yake iliyotoka mwaka 1903 ndiyo iliyotegemewa katika hesabu za Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911. Yaani bima ya serikali ilipigiwa hesabu juu ya mistari iliyoandikwa na makatibu wa matawi usiku, baada ya kikao, kwa mwanga hafifu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa tunalitia daftari moto sisi wenyewe.

2. Mihutasari inaitwa "karatasi zisizo na matumizi".

Loji, yaani tawi la Wafrimasoni, ya Mary's Chapel ya Edinburgh, Uskoti, ina mihutasari inayoanzia mwaka 1599. Kikao cha mwanzo kabisa katika daftari lile kinamhusu mwashi aitwaye George Patoun, aliyekiri kosa la kumpa mtu asiye fundi wa chama kazi ya kujenga kichwa cha dohani kwa siku mbili na nusu. Akaomba radhi. Basi. Kwa kipimo cha waraka wenu, ukurasa ule ungekuwa wa kwanza kuingia motoni: mtu hajulikani, kosa dogo, dohani pengine ilishabomoka zamani. Lakini wote wanaotafuta namna vyama vya mafundi wa mawe vilivyogeuka kuwa vyama vya udugu wanaanzia kwenye kurasa za namna hiyo, kwa sababu zinaonyesha watu wakikaa, wakishitakiana, wakisameheana, wakiweka kanuni.

Mhutasari wa kuchosha unamfaa mtafiti kuliko hotuba ya sherehe. Humo ndimo tunajua bei ya mkaa wa kupashia ukumbi joto, nani alikataliwa uanachama na kwa kura ngapi, lini tawi lilibishana kuhusu kumpokea mtu wa kabila au dini nyingine. Baadhi ya kurasa hizo hazitupendezi. Nina hofu kwamba hiyo nayo ni sababu ya haraka ya kuzichoma, na naomba Baraza liseme wazi kwamba sivyo.

3. Orodha za wanachama na hati za kuanzishwa matawi hazina anayezilinda.

Mnajua habari za Prince Hall. Alikuwa mtu mweusi wa Boston, katika mji na zama ambazo watu wa rangi yake walikuwa wakiuzwa. Yeye na wenzake walipokelewa katika udugu kupitia loji ya wanajeshi wa Uingereza, kisha wakaomba hati yao wenyewe kutoka London. Hati ya African Lodge Namba 459 ilitolewa tarehe 29 Septemba 1784 na ikawafikia Boston mwaka 1787. Kwa zaidi ya karne mbili, kila walipoambiwa kwamba wao si ndugu halali, walikuwa na karatasi ya kuonyesha. Wangeiona kuwa "haina matumizi" wangebaki na maneno matupu mbele ya watu wasiotaka kuwasikiliza.

Peter Ogden alifanya vivyo hivyo mwaka 1843. Odd Fellows wa Marekani walipowakataa watu weusi wa New York, alipata hati Uingereza, kutoka Grand United Order, chama kingine cha Odd Fellows. Wanawake wa chama hicho wakapata jumuiya yao, Household of Ruth, mwaka 1858. Katika vitabu vingi vya wakati huo watu weusi waliandikwa na wengine: na mabwana, na mahakama, na makarani wa kodi. Katika madaftari ya vyama vyao walijiandika wenyewe, kwa majina waliyoyachagua, na vyeo walivyopeana. Wajukuu wanaotafuta jina la babu leo wanaokolewa mara nyingi na orodha ya namna hiyo.

Sisi nasi tunayo matawi yaliyoanzishwa na watu waliofungiwa milango mingine. Orodha zao ziko wapi? Nimeuliza. Sijajibiwa.

4. Vitu vya kale vinauzwa vipande vipande.

Mshipi wa begani unapouzwa peke yake mnadani ni kitambaa kizuri tu. Ukiwa pamoja na cheti cha mwenyewe, picha yake akiwa ameuvaa, na ukurasa wa daftari unaoonyesha siku aliyopewa cheo, unakuwa maisha ya mtu. Madalali wanajua hivyo, na bado wanatenganisha, kwa sababu vipande vinne vinalipa kuliko kimoja. Cheti kinakwenda kwa mkusanyaji wa vyeti. Nishani ya fedha inapimwa kwa mizani ya sonara na kuyeyushwa. Picha, isiyo na jina nyuma, hainunuliwi na mtu, inatupwa.

Nimeona aproni ya hariri iliyowekewa bei kwa ajili ya nyuzi zake za dhahabu. Ndani, kwenye bitana, palikuwa na jina lililoshonwa kwa mkono, sindano ya mtu wa nyumbani kwake. Aliyeiuza hakuwa ameigeuza.

Si lazima kitu kiwe maarufu ndipo kitunzwe. Biblia ya St. John's Lodge ya New York ilikuwa ya kawaida ya loji, mpaka tarehe 30 Aprili 1789 ilipohitajika Biblia ya kumwapishia George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, na hapakuwa na nyingine karibu. Imetunzwa, na marais wengine wameiapia baadaye. Wale ndugu wa New York hawakujua mapema kitu chao kitakuja kuwa nini. Sisi pia hatujui.

5. Mabaki ya binadamu.

Hili nitalisema kwa uchache. Baadhi ya vyama, hasa Odd Fellows, vilitumia mifupa ya binadamu katika ibada ya kumkumbusha mwanachama kwamba atakufa. Mingi ilikuwa mifupa halisi, iliyonunuliwa kwa wauza vifaa vya tiba. Nchini Marekani, mara kwa mara wanunuzi wa majengo ya zamani wamekuta jeneza nyuma ya ukuta na kuita polisi. Popote tulipo na sanduku la namna hiyo, lisiuzwe kama pambo wala lisiachwe kwa mnunuzi wa jengo. Mtu yule alikuwa na mama. Taarifa itolewe kwa mamlaka husika na azikwe kwa heshima.

6. Hata vilivyobaki vinaoza.

Nyaraka zilizonusurika na moto zimerundikwa kwenye chumba cha chini chenye unyevu, pamoja na mabomba. Wino wa zamani uliotengenezwa kwa chuma hula karatasi polepole, na unyevu unauongezea kasi. Karatasi nyingi zilizotengenezwa kwa majimaji ya mbao kuanzia katikati ya karne ya 19 zina asidi ndani yake, zinageuka manjano na kuvunjika zikikunjwa. Hariri nyingi za mwishoni mwa karne hiyo ziliongezewa uzito kwa chumvi za madini, ndiyo maana mishipi inachanika yenyewe ikining'inizwa. Kuna aliyeziba nyufa za hati kwa utepe wa plastiki wenye gundi. Gundi ile itabaki ndani ya karatasi hata utepe ukianguka. Haya yote yanazuilika kwa chumba kikavu, kivuli, maboksi yasiyo na asidi na mtu anayepita kuangalia. Hakuna mashine ya gharama inayohitajika kuanza.

Sasa niseme kuhusu majibu ambayo nimekwisha kuyasikia, au nitakayoyasikia baada ya barua hii.

Kwanza, kwamba ni siri za chama. Naheshimu siri za chama na nitazilinda mpaka naingia kaburini. Lakini ipi ni siri? Ishara na maneno ya kupokelea wanachama ni kitu kimoja. Nani alilipwa msaada, nani alikuwa mweka hazina, ukumbi ulijengwa kwa fedha gani, hivyo ni vitu vingine kabisa. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1799 dhidi ya vyama haramu iliziachia loji ziendelee kwa sharti kwamba zipeleke orodha ya wanachama kwa karani wa serikali kila mwaka. Sheria ile ilidumu katika vitabu hadi mwaka 1967, na leo orodha zile ziko katika hifadhi za majimbo, watu wanazisoma, na udugu haujabomoka.

Hata ibada zenyewe, muda ukipita vya kutosha, zinageuka kuwa historia. Mwaka 2011 Kevin Knight, Beáta Megyesi na Christiane Schaefer walifumbua hati ya kurasa 105 iitwayo Copiale, yenye herufi za fumbo zipatazo 75,000. Ilikuwa mali ya chama cha siri cha Ujerumani cha karne ya 18 kilichojiita cha matabibu wa macho. Wenyewe wa chama walikwisha kufa zamani na hakuna aliyebaki kueleza walikuwa nani. Kitabu kimoja kilichookoka kimewarudisha. Wangekichoma, tusingeijua ibada iliyoandikwa humo.

Na tukumbuke nani wengine waliozikusanya karatasi zetu. Wanazi walipofunga loji za Ulaya walibeba maktaba na nyaraka zake kwa malori. Baada ya vita sehemu kubwa ikachukuliwa na Wasovieti ikafichwa Moscow, na ndugu wa Ufaransa walirudishiwa za kwao karibu na mwaka 2000. Hispania, utawala wa Franco ulitunga sheria dhidi ya Wafrimasoni tarehe 1 Machi 1940, na mafaili yaliyokusanywa kuwafunga watu yako Salamanca hadi leo. Watu wale waliandika, wakapanga, wakahifadhi, kwa nia mbaya kabisa. Ndugu wengine waliteswa ili madaftari yapatikane, wakakaa kimya. Siwezi kuvumilia kwamba sisi, tulio huru na tusiotishwa na mtu, tuyachome kwa sababu ya kukosa nafasi kabatini.

Pili, kwamba kuna faragha za watu. Hoja hii ni ya haki na ina jibu. Hifadhi za nyaraka hupokea leja za wagonjwa na kuzifunga kwa miaka mingi mpaka wahusika wote na watoto wao wawe wamekwisha kupita. Mkataba wa amana unaweza kusema nini kifungwe, kwa muda gani, na nani aombwe ruhusa. Faragha ya mgonjwa inalindwa kwa kufuli. Kumfuta kabisa si kumlinda.

Tatu, kwamba hakuna fedha. Ukumbi wa tawi letu uliuzwa. Kumbi nyingine zimeuzwa. Sehemu ndogo ya fedha za jengo moja ingetosha maboksi, usafiri na ujira wa mtu mmoja wa kuorodhesha. Tena kukabidhi nyaraka kwa amana katika chuo kikuu, makumbusho au hifadhi ya umma mara nyingi kunatugharimu usafiri tu. Iowa, Wafrimasoni wa Marekani walianza kujenga maktaba yao katika miaka ya 1840, wakati jimbo lenyewe lilikuwa bado changa na watu wachache, na leo maktaba ya Cedar Rapids inajulikana dunia nzima. Walianza na rafu chache na mtu mmoja mwenye bidii.

Nne, kwamba kila kitu kitapigwa picha na kuwekwa kwenye kompyuta, kisha karatasi zitolewe. Pigeni picha, nitasaidia. Ila picha ni nakala. Haionyeshi kwamba ukurasa ulichanwa na mwingine kugundishwa, haionyeshi chapa ya kiwanda cha karatasi inayoonekana ukurasa ukiinuliwa kwenye mwanga, haionyeshi msalaba wa mjane ulivyozama kwa nguvu ya mkono. Na faili za kompyuta zinahitaji matunzo kuliko karatasi: ziandikwe majina, zinakiliwe sehemu mbili au tatu, zihamishwe kila vyombo vinapobadilika. Picha za tawi la jirani zilikuwa kwenye simu ya ofisa mmoja. Simu iliibiwa.

Tano, kwamba hakuna anayezisoma. Wanakuja, waheshimiwa. Wanakuja na picha ya babu amevaa mshipi, wanauliza herufi zile zilizoshonwa kifuani zina maana gani, na kama tuna jina lake popote. Mimi ndiye ninayewafungulia mlango. Siku hizi ninawajibu kwamba leja ya miaka hiyo haipo, na ninalazimika kuwaambia ilikwenda wapi.

Kwa hayo yote, naliomba Baraza Kuu lifanye yafuatayo:

(a) Litoe waraka mpya, ndani ya mwezi mmoja, wa kusitisha mara moja uchomaji na uuzaji wa nyaraka, vyeti, mihuri, nishani, mavazi na picha za matawi yote, yaliyofungwa na yaliyo wazi.

(b) Kila tawi liandike orodha ya kilichopo, hata kama ni mistari tu ya mkono kwenye daftari: kitu, mahali kilipo, hali yake, na alichosimulia anayekijua. Wazee wanaojua ni nani aliye kwenye picha waulizwe sasa hivi, wangali nasi.

(c) Iundwe kamati ya kumbukumbu isiyozidi watu saba. Wawili kati yao wasiwe wanachama: mtaalamu wa hifadhi ya nyaraka na mwanahistoria. Kamati hiyo pekee ndiyo iwe na mamlaka ya kusema karatasi fulani itolewe, na iseme kwa maandishi yenye sababu.

(d) Tawi linapofungwa, nyaraka na vitu vyake viondoke pamoja kama mkusanyo mmoja, kwa mkataba wa amana, viende mahali penye chumba kikavu na mtu anayewajibika. Mavazi na nishani visitengwe na madaftari yanayovieleza.

(e) Sehemu ya mauzo ya kila ukumbi, kiwango kikipangwa na mkutano mkuu, itengwe kwa kazi hiyo kabla fedha hazijaingia mfuko wa jumla.

(f) Ijulikane nini kimeuzwa na kwa nani tangu waraka wa kwanza ulipotoka. Baadhi ya wanunuzi ni watu waungwana. Wakielezwa, watakubali kurudisha au angalau kuruhusu vipigwe picha. Majina yao yapo kwenye risiti za mweka hazina.

(g) Ombi hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao, lisomwe lote, na wajumbe walipigie kura.

Sitaki mtu afukuzwe cheo. Waliochoma walifuata maagizo, na wengi wao wamelitumikia tawi kuliko mimi. Ninachotaka ni maagizo yabadilike. Nipo tayari kuja mbele ya Baraza siku yoyote mtakayoipanga, na nitakuja na orodha niliyokwisha kuiandika ya masanduku yaliyosalia katika kanda yetu, pamoja na barua za taasisi mbili zilizokubali kupokea amana. Mkishindwa kukutana nami kabla ya mkutano mkuu, nitaomba nafasi ya kusema mbele ya mkutano kama kanuni zinavyomruhusu mwanachama yeyote aliyelipa ada.

Masanduku yaliyobaki ya tawi letu yapo chini ya ulinzi wangu. Funguo ninazo, na sitazikabidhi kwa ajili ya kuchoma au kuuza. Nitazikabidhi siku hiyohiyo kwa kamati mtakayoiunda.

Wenu katika udugu,

Mtunza kumbukumbu wa tawi lililofungwa

Nakala:
Makatibu wa kanda zote
Wajumbe wa mkutano mkuu
Familia za wanachama waliotangulia, walioniomba nakala ya barua hii